Jiwe Huachiwa Nafasi

Kila asubuhi Fundi Tindo alifungua karakana yake polepole, kana kwamba ndani kuna mtu amelala. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mawe manane yameegemezwa ukutani, meusi na ya kijivu, yote hayana majina. Aliyapangusa vumbi moja moja. Kisha akanoa tindo zake tatu: ile nene, ile ya wastani, na ile nyembamba ya kuchongea nukta. Akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akasubiri.

Kazi yake ilikuwa kuchonga majina kwenye mawe ya makaburi. Alichonga kwa mkono, herufi baada ya herufi, na alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na mmoja. Watu walisema herufi zake husomeka hata kwa vidole. Ilikuwa kazi ya heshima, ila ilikuwa na kasoro moja. Waliochongewa hawakulalamika kamwe, lakini pia hawakumsifu fundi kwa jirani zao.

Sasa wiki ya saba ilikuwa inapita bila mteja.

"Labda watu wameacha kufa," alisema mkewe, akimpa kikombe cha chai.

"Usifanye mzaha na jambo hilo, Mama Kitinda."

"Sifanyi mzaha, nauliza. Kama wameacha, watuambie na sisi tupange mambo yetu."

Fundi hakucheka. Siku ile alikuwa na jambo zito kichwani. Meneja wa kiwanda cha meza za mawe alikuwa amepita jana yake. Alitaka Fundi Tindo akasimamie mashine ya kung'arisha.

"Na tindo zako uje nazo," meneja alimwambia kwa upole. "Tutazitundika ukutani pale mapokezi. Wageni wanapenda vitu vya kale."

Meneja alitaka jibu siku ya mwisho wa mwezi. Zilibaki siku ishirini na nne. Fundi alizitazama tindo zake kama mzazi anayetazama binti zake wakiposwa na mtu asiyemwamini. Akikubali, karakana itafungwa. Asipokubali, wateja watatoka wapi?

Mchana mkewe alirudi kutoka sokoni akiwa na mgeni. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanamke mrefu mwenye miwani. Mwalimu alisimama mlangoni, akamkagua Fundi kutoka kichwani hadi miguuni.

"Kumbe ni kweli," alisema. "Yupo."

Fundi aliinuka, akajipangusa mikono. Alimkumbuka. Miaka kumi iliyopita alimchongea jiwe la mama yake.

"Shikamoo, mwalimu. Karibu."

"Marahaba. Mimi nilishakuombea, fundi."

"Uliniombea nini?"

"Upumzike."

Mkewe Fundi alishika kiuno. "Nimekutana naye kwenye nyanya, Baba Kitinda. Akanishika mkono, akanipa pole. Nikamuuliza, pole ya nini? Akaniambia, pole kwa kufiwa na mumeo. Nimerudi mbio kuhakikisha."

Mwalimu alipewa kigoda, akakaa. Alieleza kwa utaratibu, kama anayeandika hesabu ubaoni.

"Mume wangu alifariki miezi miwili iliyopita. Nilitaka wewe umchongee. Nikachukua simu, nikaandika: wachonga mawe ya makaburi. Yakaja majina ya watu wengine. Nikashuka, nikashuka, nikashuka. Wewe nilikukuta chini kabisa, mahali ambapo hata nzi hafiki. Nikafungua ukurasa wako. Ulisema karakana iko nyuma ya stendi."

"Tulihama pale miaka minne iliyopita," alisema Fundi.

"Nimekuja kujua. Nilikwenda kwa miguu, juani. Nikakuta vijana wanaosha magari. Nikapiga ile namba ya simu. Imekufa. Nikarudi kwenye ukurasa. Neno la mwisho kuandikwa lilikuwa la miaka sita iliyopita. Basi nikajumlisha. Mahali hayupo, simu haipo, miaka sita hajasema neno. Jibu likawa marehemu."

Hesabu ilikuwa sahihi, ila jibu lilikuwa limeketi pale, linapumua.

"Na mzee wako?" Fundi aliuliza kwa sauti ya chini. "Nani amemchongea?"

"Wengine, wale waliokuwa juu kwenye orodha. Wanatumia mashine. Wamemjazia maua jiwe zima." Mwalimu alivua miwani, akaifuta. "Mume wangu hakupenda maua. Yalimfanya apige chafya. Na mimi nilitaka siku moja jina langu liandikwe chini ya lake. Sasa hakuna nafasi. Maua yamemaliza jiwe."

Alivaa miwani yake, akainuka. Mlangoni aligeuka.

"Nimefurahi kwamba hujafa, fundi. Lakini waambie na wengine."

Maneno hayo yalibaki karakanani baada ya mwalimu kuondoka. Fundi hakula mchana. Kupoteza mteja ni jambo la kawaida katika biashara. Lakini mama mzima kutembea juani na msiba wake, akaishia kwa waosha magari! Hilo lilimchoma.

Binti yao wa mwisho, aliyeitwa Kitinda, alirudi kutoka zahanati alikokuwa anapokea simu. Yeye ndiye aliyeutengeneza ukurasa ule wa mtandaoni, alipokuwa na miaka kumi na mitano.

"Usome," baba yake aliamuru.

Kitinda akafungua simu, akasoma. Karakana nyuma ya stendi. Mawe imara. Kazi safi. Jinsi ya kusafisha jiwe lililoota ukungu. Halafu akasita.

"Endelea."

"Punguzo la mwezi huu tu. Wahi kabla nafasi hazijaisha."

"Mwezi gani?"

"Mwezi wa miaka sita iliyopita, Baba."

"Endelea."

"Basi, mwisho ni..." Kitinda alimeza mate. "Karibuni tena na tena."

Fundi alimgeukia binti yake.

"Kwenye mawe ya makaburi? Tena na tena?"

"Niliona dukani wameandika hivyo."

Mama yake aligeukia ukutani. Mabega yalikuwa yanatikisika, lakini si kwa kilio.

"Kwa nini hukubadilisha kitu tulipohama?" Fundi aliuliza.

"Nilikuuliza, Baba. Siku ile ile ya kuhama. Ukaniambia kilichochongwa kimechongwa. Andika mara moja, andika vizuri, usiguse tena."

Ni kweli alisema hivyo. Ndiyo sheria aliyoishi nayo miaka thelathini na mmoja. Jiwe halina kifutio. Fundi alipima kila herufi mara tatu kwa chaki kabla ya kugusa tindo. Alidhani ukurasa nao ni jiwe.

Kitinda aliahidi kurekebisha mambo. Alikuwa amesikia mahali kwamba mtandao unapenda vitu vipya. Basi kila asubuhi, kabla ya kwenda zahanati, aliingia kwenye ukurasa na kuandika juu kabisa: Umesasishwa leo. Akaweka na tarehe ya siku hiyo. Hakugusa kitu kingine. Aliona njia hiyo ni fupi, na binadamu wachache wameumbwa na uwezo wa kuiacha njia fupi.

Alifanya hivyo siku saba. Siku ya saba walitafuta. Fundi Tindo alikuwa bado chini, pale pale nzi hafiki.

"Nendeni kwa Mama Mdogo," alisema mama yake.

Mama Mdogo alikuwa dada yake mke wa Fundi. Nyumba yake ilipakana na yao. Alikuwa mkutubi, yaani mtunzaji wa vitabu katika maktaba ya umma. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amewasaidia watu kutafuta mambo, vitabuni na kwenye kompyuta. Jioni ile waliingia maktaba wakati wasomaji wanaanza kuondoka. Mama Mdogo alikuwa anapanga vitabu kwenye kitoroli.

"Shemeji!" alisema alipomwona Fundi. "Nasikia ulikufa. Mbona hukunialika?"

"Ningekualika ungekula peke yako chakula chote cha msiba."

"Ningekula na machozi. Kaeni."

Waliketi watatu mbele ya kompyuta moja. Kitinda akaeleza. Mama Mdogo akautazama ukurasa, akaona ile tarehe ya leo juu ya maneno ya zamani. Akatabasamu kidogo.

"Umemvalisha babu kofia ya mtoto mchanga," alisema. "Unadhani mtambo hautamjua?"

"Mtambo gani?" Fundi aliuliza.

"Sikiliza, shemeji. Mtu anapoandika swali kwenye simu, kuna mtambo unaomtafutia majibu. Mtambo huo hauanzi kusoma dunia nzima saa ile. Ulishasoma kurasa nyingi mapema, ukaweka kumbukumbu zake. Ni kama mimi na orodha yangu ya vitabu. Swali likija, unatazama kumbukumbu, unapanga majibu. Unaloliona lafaa zaidi linakaa juu."

"Na unajuaje lipi lafaa?"

"Kwa mambo mengi. Je, ukurasa unajibu swali hasa? Je, una maelezo ya kutosha? Je, watu wengine wanautaja kwenye kurasa zao? Na jambo mojawapo ni hili: je, habari zake bado ni mbichi?"

"Kwa hiyo kipya ndicho kizuri?" Kitinda aliuliza.

"Si kila mara. Inategemea swali." Mama Mdogo alichukua kitabu kikuukuu kwenye kitoroli, chenye jalada lililofungwa kwa gundi. "Hiki kinaeleza jinsi ya kuhesabu eneo la duara. Kina miaka arobaini. Duara halijabadilika, kwa hiyo kiko rafuni bado. Lakini ratiba ya mabasi ya mwaka jana nimeitupa. Anayetafuta mambo yanayobadilika anataka habari za sasa. Bei, anwani, saa za kazi, nani bado yupo kazini. Mtambo unajaribu kulijua hilo. Swali likiwa la namna hiyo, ukurasa uliolala miaka sita unaweza kuachwa nyuma."

"Mimi nimeweka tarehe mpya kila siku," Kitinda alijitetea.

"Umeweka tarehe. Umebadilisha nini?"

Kitinda akashusha ukurasa hadi chini, akitafuta.

"Mtambo una kumbukumbu ya ukurasa wako wa zamani. Ukirudi, unaweza kulinganisha. Maneno ni yale yale, tarehe tu ndiyo mpya. Hapo hakuna ubichi. Na hata kama mtambo ungedanganyika, yule mama angefika wapi?"

"Kwa waosha magari," alisema Fundi.

Alikuwa amekunja uso. Alimgeukia binti yake.

"Kitinda, mwanangu. Mimi nikichonga tarehe isiyo ya kweli juu ya jiwe, nimemsingizia maiti. Na maiti hawezi kujitetea. Ulikuwa unasema leo, leo, leo, na hakuna cha leo hata kimoja."

"Samahani, Baba."

"Kosa ni langu pia. Lakini, shemeji, jambo hili linanitatiza. Mimi sikuumbwa kufutafuta. Nikiandika, nimeandika. Kilichochongwa kimechongwa."

Mama Mdogo aliweka kitabu cha duara mahali pake.

"Shemeji, lile jiwe la baba na mama yetu. Nani alichonga?"

"Mimi."

"Baba alipofariki uliandika nini?"

"Jina lake na tarehe zake."

"Na chini yake?"

Fundi alianza kusugua chaki iliyoganda kwenye kucha zake.

"Chini yake uliacha sehemu tupu," Mama Mdogo alisema. "Ilikaa tupu miaka tisa. Mama alipofariki, ulibeba tindo zako ukaenda hadi kaburini. Ukapiga magoti, ukaongeza jina la mama. Hukufuta la baba. Ulisema kilichochongwa kimechongwa?"

Kwenye meza ya mbali msomaji mmoja aligeuza ukurasa. Fundi alitazama mikono yake. Alikuwa ameacha nafasi kwenye mawe mengi mno, hawezi hata kuyahesabu. Kila mara mwenye nafasi yake alipofika, yeye alirudi. Kumbe maisha yake yote alikuwa anasasisha, ila hakujua jina la kazi hiyo.

"Sawa," alisema mwishowe. "Tuanze wapi?"

"Kwanza toa uongo. Halafu ongeza kweli."

Kesho yake jioni waliketi karakanani, Kitinda na simu, Fundi na chaki. Kwa kuwa Fundi hakuweza kufikiri bila chaki, aliandika kila sentensi kwanza juu ya jiwe tupu, akaipima, akaikubali au akaipangusa. Kitinda alinakili.

Waliondoa stendi. Waliandika mahali walipo sasa, kando ya ghala la mbao, mlango wa bluu. Waliandika namba mpya ya simu na saa za kazi. Punguzo la miaka sita lilizikwa bila hotuba.

"Na karibuni tena na tena?" Kitinda aliuliza.

"Andika: Poleni kwa msiba. Tutawachongea kwa uangalifu."

Walieleza mteja aje na nini: jina kamili kama lilivyo kwenye hati, na tarehe zilizohakikiwa na watu wawili wa familia. Walieleza jiwe huchukua siku ngapi. Kitinda akapiga picha za kazi tatu za mwaka ule, baada ya kuziomba ruhusa familia.

"Hii ya kusafisha ukungu nayo tuibadilishe?" aliuliza.

Fundi alifikiri. "Inasemaje?"

"Maji safi na brashi laini. Usitumie tindikali."

"Hilo ni duara. Liache."

Mwisho Fundi alichukua chaki, akaandika peke yake kwa muda mrefu. Alieleza jinsi jiwe la mke na mume linavyoachiwa nafasi ya jina la pili. Alieleza ni upana gani wa kuacha, na kwa nini maua yasijaze jiwe. Alimfikiria mwalimu wa hesabu alipokuwa anaandika. Hakukuwa na neno hata moja la kujisifu. Lilikuwa jambo alilolijua, na kwenye kurasa zile nyingine walizozisoma halikuwepo.

Hapo ndipo Kitinda alipoweka tarehe ya siku ile. Safari hii ilikuwa na kitu cha kusimamia.

"Sasa mtambo utakuja lini?" Fundi alimuuliza shemeji yake juu ya ukuta wa uani.

"Sijui. Siku chache, wiki, pengine zaidi. Mahali pasipobadilika hupapitia kwa nadra. Wala sikuahidi kwamba utakuwa wa kwanza. Hakuna mkweli anayeweza kukuahidi hilo."

"Unanifariji kama daktari wa meno."

"Subiri, shemeji. Na kukiwa na jambo jipya la kweli, liandike. Kama hakuna, nyamaza."

Akasubiri. Siku ya mwisho wa mwezi ilisogea. Jiwe moja jipya la kijivu lilipoingia karakanani, Kitinda aliongeza picha yake kwenye ukurasa. Siku nyingine hawakuwa na la kusema, wakanyamaza. Walipotafuta baada ya wiki moja, Fundi alikuwa amepanda kidogo. Alikuwa bado chini, lakini nzi walishaanza kufika.

Ikabaki siku moja. Asubuhi ile Fundi alizifunga tindo zake tatu ndani ya kitambaa. Mkewe alimwona. Hakuleta hata mzaha, na hapo Fundi alijua kwamba hali ni mbaya.

Saa nne, mtu alibisha kwenye mlango wa bluu. Alikuwa mzee mfupi, suti imempwaya, kioo kidogo cha kukuzia kimening'inia shingoni kwa uzi.

"Hapa ndipo kwa fundi anayeacha nafasi?" aliuliza.

"Ndipo, mzee wangu. Karibu ukae. Nani amekuelekeza?"

"Simu. Mke wangu amefariki. Tumeishi miaka arobaini na minne. Niliandika kwenye simu: jiwe la mke na mume, jina la pili. Ukaja wewe, wa pili kutoka juu. Wa kwanza alikuwa anauza vitanda." Mzee aliketi. "Nikasoma ulichoandika. Nikaona huyu anajua. Halafu nikatazama tarehe. Ya mwezi huu. Nikaona huyu yupo."

Fundi alikigusa kile kitambaa cha tindo.

"Nipo," alisema.

Alichagua jiwe la kijivu, akalilaza juu ya meza. Akalilowesha kwa maji, akapiga mstari kwa uzi na chaki. Mzee alitoa karatasi mbili za familia. Walihakiki jina herufi kwa herufi, na tarehe mara tatu. Ilipofika sehemu ya chini, Fundi aliweka rula, akasita.

"Hapa patakuwa pako, mzee. Jina naweza kulipimia sasa. Kwenye tarehe, niache nafasi kiasi gani?"

Mzee alikishika kile kioo chake, akainama, akaitazama sehemu tupu kwa makini, kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Mimi ni fundi saa," alisema. "Saa zote nazijua, fundi. Hiyo moja siijui. Wewe acha nafasi."

Fundi akapima, akaacha nafasi. Kisha akafungua kitambaa, akachukua ile tindo nene.

Mlio wa kwanza wa nyundo ulisikika hadi uani. Mama Kitinda aliusikia. Alikung'uta mikono, akachukua simu na kumpigia meneja wa kiwanda cha meza.

"Habari za asubuhi," alisema. "Zile tindo hazitakuja ukutani. Zimepata kazi."